Usijaze maji: mayai ya rangi na hewa ya Mombasa

Siku ya kwanza kuuza mayai ya buluu hapa Kisauni, jirani yangu aliligeuza yai mkononi mara tatu, akauliza, "Mwanangu, hili umelitia rangi ama ni la mganga?" Nikalivunja mbele yake aone ganda kwa ndani: buluu vilevile. Nikavunja na lile la kahawia ya halua. Ndani jeupe. Buluu huingia tangu ganda linapoanza kujengwa, kwa hiyo hupenya. Kahawia hupakwa mwisho, juu juu. Yai la kijani ni buluu iliyopakwa kahawia, basi. Ladha haibadiliki. Akanunua manne.

Lakini kabla ya kufika hapo nilipata hasara. Mayai yangu ya mwanzo yalikuja kwa basi kutoka Nairobi, 24, yamefukiwa ndani ya maranda: nusu ya Ameraucana, kuku wa Marekani anayetaga buluu, nusu ya Marans, kuku wa Ufaransa wa lile la kahawia iliyokolea. Niliyapumzisha siku nzima, ncha nyembamba ikiangalia chini, kisha nikayaweka kwenye mashine ya kutotolea vifaranga, nyuzi 37.5. Kijitabu cha mashine nikakifuata neno kwa neno, hata pale kiliposema jaza maji vihori vyote viwili. Siku ya 21 wakatoka watano. Siku ya 23 nikavunja yaliyobaki, na sitaki kukumbuka sana: vifaranga wazima, manyoya tayari, wamelowa chepechepe, wamefia ndani.

Walizama. Yai linapoatamiwa lazima likauke kidogo, chumba cha hewa kule kwenye kitako kipanuke, kifaranga apate mahali pa kuvuta pumzi ya kwanza. Kijitabu kiliandikwa kwa watu wa nchi kavu au za baridi. Hewa yetu ina maji tayari. Ukiichukua hewa ya Mombasa ya nyuzi 30, yenye unyevu wa asilimia 75, ukaipasha mpaka 37.5, unyevu wake hushuka hadi karibu asilimia 50, na hicho ndicho kiasi kinachotakiwa siku 18 za mwanzo. Hujatia hata tone. Hewa ya Nairobi ya nyuzi 20 ukiipasha hivyo haifiki asilimia 30. Wao wana haki ya kujaza vihori.

Kwa hiyo sasa situmii maji mpaka siku ya 18. Hapo ndipo naacha kugeuza mayai, natia maji unyevu upande kufika asilimia 65 hivi ili utando usimkaukie kifaranga, na mashine siifungui tena, hata nikisikia sauti humo ndani.

Utajuaje kama yanakauka sawasawa? Wengi huangaza yai kwa tochi. Kwa yai la kienyeji sawa, lakini la Marans ni kama kuangaza kokoto, na la buluu nalo lina utata wake. Nunua mizani ndogo ya jikoni. Yai la gramu 60 siku ya kwanza linafaa liwe gramu 53 hivi siku ya 18. Likiwa zito kuliko hapo, hewa yako ina maji mengi. Mara ya pili niliweka mayai 20 nikatoa vifaranga 14.

Jambo jingine linalotuumiza watu wa pwani ni kukusanya mayai wiki nzima ndipo tuyaweke. Kiinitete, yaani mwanzo wa kifaranga, huanza kukua joto likizidi nyuzi 20 na kitu hivi, na jiko langu halishuki hapo hata usiku wa manane. Yai linaanza, linasita, linakufa. Mimi siku tatu, nne zikizidi sana, na huyahifadhi kivulini ubavuni mwa mtungi. Friji ya nyumbani ina baridi kupita kiasi. Stima ikipotea, funika mashine kwa blanketi na usifunue kuchungulia. Saa chache hazidhuru.

Kaskazi likikaza, Marans huteseka kwa uzito na manyoya yake. Banda la makuti, si mabati. Kuku anayehema sana hutaga ganda jepesi, basi nawasagia maganda ya chaza. Chanjo ya kideri usiiruke, wala ya ndui, maana mbu wa huku ndio wanaoisambaza.

Mashine siipendi sana siku hizi. Kuku wa kienyeji akianza kuatamia humpa mayai kumi ya rangi, naye hana habari ya stima.

Na jogoo? Kumtazama tu hakutoshi; uliza alitoka kwenye yai la rangi gani, na binti zake wanataga nini. Wangu alikuwa na buluu ya pande zote mbili, kwa baba na kwa mama, kwa hiyo hata nilipomwachia kuku wa kienyeji, kila binti aliirithi. Tembe wa kwanza alitaga karibu miezi sita baadaye, nyuma ya pipa badala ya kiotani. Yai lilikuwa dogo, kijani kama embe bichi la ngowe.