Mbele ya kuandika kodi, nenda kapange mstari

Wiki jana kijana mmoja wa Bukavu aliniandikia: "Mukubwa, nataka kutengenezea Leta (serikali) programu ya kutoa karatasi kwa telefone, nianzie wapi?" Nikacheka, halafu nikanyamaza, juu swali hiyo hiyo niliuliza mimi 2019 na hakuna mtu alinijibu. Na wewe unayesoma hapa najua njo ndoto yako, usijifiche.

Komine (manispaa) moja hapa Lubumbashi, sitaitaja, ilitaka watu waombe cheti cha kuzaliwa kwa intaneti. Nikajifungia miezi mitatu, chai na mkate, naandika kodi, yale maagizo ya kompyuta (watu wa komine wakisikia "kodi" walifikiri nimeleta ingine ya kulipa). Ikatoka nzuri sana, rangi za bendera, kila kitu. Siku ya kufungua wakubwa wakakata utepe, wakapiga picha, wakashukuru mpaka aliyeleta viti. Jina langu, bule. Nusu ya makuta nadai mpaka leo, lakini tuache hiyo.

Wiki ya kwanza waliomba watu 11. Wanne ni mimi, nilikuwa najaribu.

Nilipata pole kidogo niliposoma ya Marekani. Oktoba 2013 walifungua HealthCare.gov ya bima ya afya, na makuta yao yote yale, siku ya kwanza waliofaulu kujiandikisha ni watu 6. Sita, inchi nzima! Ila wao waliita mafundi wakaitengeneza, na 2014 wakaunda kikosi cha kazi hiyo. Mimi niliitwa mwizi.

Na kosa lilikuwa langu, nakubali. Fomu iliomba imeli. Mama mmoja wa Katuba akaniuliza, "Papa, imeli njo nini, inauzwa wapi?" Iliomba namba ya kitambulisho, na sisi kitambulisho chetu ni karte ya kupigia kura, hesabu ya watu ya mwisho hapa kwetu Kongo ni ya 1984, mimi sijazaliwa. Mbaya zaidi siku moja nikapita nyuma ya dirisha nikamkuta karani anatazama skrini na kunakili kwa bic ndani ya daftari kubwa, juu sheria inataka daftari, na kuran (umeme) ikikatika anafunga biro, yaani ofisi, anaenda nyumbani. Yaani nilimwongezea kazi na mimi najiita injinia.

Miaka iliyofuata niliuza unite (salio la telefone), naruka, haina utamu.

Mwaka jana biro ingine ikaniita. Safari hii sikugusa kompyuta, nilipanga mstari siku 9 na bahasha mkononi kama mwombaji. Nikaona fomu haisumbui mtu, vijana wako pale mlangoni wanakuandikia dakika tano. Kinachochosha watu ni kurudi. Rudi Jumatatu. Burugumesta, mkubwa wa komine, amesafiri, hajasaini, rudi Alhamisi. Mama anatoka Ruashi na mtoto mgongoni, anapanda taksibisi mbili kuja, mbili kurudi, mara nne. Jirani zake wakisikia hiyo wanaona bora kubaki nyumbani, na kuandikisha mtoto ni bure ndani ya siku 90 tu, zikipita unapelekwa tribinali.

Basi nikatengeneza kitu kidogo mpaka nikaona haya kukionyesha: karani anaandika namba yako ya telefone, karatasi ikisainiwa anabonyeza, mesaji inakufikia kwa Kiswahili, hata kwa telefone ya vifungo, bila mega za intaneti. Mwezi uliopita mesaji 340 zimeenda. Leo karani njo anapigana kompyuta isizimwe, na mimi wananiita Injinia tena, acheni nijisifu kidogo.

Haikuanza hivyo. Mwanzoni watu walikataa kutoa namba. Mzee mmoja akaniambia usoni, "Utanikata unite?" Alikuwa na haki. Leta ilileta RAM, tozo ya kuandikisha telefone, 2020, unite zikakatwa ndani ya telefone za watu mpaka ilipoondolewa 2022, nani amesahau? Ikabidi karani aanze na namba yake mwenyewe, watu waone.

Najua vijana mnapenda Estonia. Mimi pia. Toka 2001 daftari za biro zao zinazungumza zenyewe kupitia X-Road, mtambo unaoziunganisha, usiulizwe kitu kimoja mara mbili. Lakini 2002 walianza kugawia watu karte yenye namba, na hao ni milioni moja na kitu. Wewe unaanza na bic na daftari, kwa hiyo panga mstari. Umechoka siku ya tatu? Panga tena.

Kijana wa Bukavu, uliniuliza uanzie wapi. Niambie kwanza hiyo biro yako inafunga dirisha saa ngapi, na mkubwa akisafiri nani anasaini, halafu niandikie tena.