Kabla ya kuvalisha skai mpya kwenye dashibodi iliyopasuka

Dashibodi ya Mercedes ya mzee wangu, ya ule muundo wa W123 uliozinduliwa 1976, niliivalisha skai, yaani ngozi bandia, mara mbili. Kazi ya kwanza niliimaliza mwezi wa Saba, wakati wa baridi ya Lubumbashi, nikaringa nayo mtaa mzima wa Kamalondo. Ulipofika mwezi wa Kumi, jua likaanza kupiga kioo cha mbele tangu asubuhi, na skai ikatoa malengelenge kama ngozi iliyoungua. Nilimlaumu muuza skai, kumbe kosa lilikuwa langu.

Dashibodi za wakati ule zina tabaka tatu: kiunzi kigumu chini, povu la poliurethani katikati, na ganda la vinili juu. Vinili hulainishwa kwa kemikali ambazo joto huzitoa polepole, na ule utando wa mafuta unaoganda upande wa ndani wa kioo cha mbele hutokana nazo kwa sehemu. Zinapopungua, ganda hukauka na kusinyaa, na kwa kuwa limeshikamana na povu, hupasuka pale lilipo dhaifu, hasa kando ya matundu ya hewa na ya spika. Kingo za ufa hujikunja juu, hivyo skai ikitandazwa bila kuzisawazisha itaonyesha kila mstari.

Ninashauri uitoe dashibodi nzima nje ya gari, hata kama fundi anakuahidi kuimaliza ikiwa mahali pake. Tenganisha betri kwanza, piga picha kila hatua, na uandike jina la kila waya kabla ya kuuchomoa. Skrubu moja iliyojificha inatosha kuvunja kiunzi ukivuta kwa nguvu.

Kinachofuata ndicho nilichokiruka mara ya kwanza. Waosha magari wetu hupenda kupaka mafuta ya kung'arisha yenye silikoni, na gundi haishiki juu ya silikoni. Kwa hiyo osha kwa sabuni, kausha, kisha pangusa kwa alkoholi mara kadhaa, ukibadilisha kitambaa, kabla ya msasa wowote, kwani msasa huisukuma silikoni ndani ya ganda. Halafu kata kingo zilizoinuka, panua ufa uwe na umbo la V, na utoboe tundu dogo kila mwisho wake ili usiendelee. Jaza kwa epoksi inayopinda, ile ya kutengenezea bampa za plastiki. Mastiki ya bodi ni ngumu mno, nayo itapasuka pale pale. Piga msasa namba 80, kisha 180, kisha 320, na upitishe kiganja ukiwa umefumba macho, maana mkono huhisi bonde ambalo jicho halilioni.

Gundi ndiyo kosa langu la pili: nilitumia ya bei rahisi, ilhali uso wa dashibodi juani hupita nyuzi 60 kwa urahisi. Tafuta gundi ya mguso inayostahimili joto, ipake pande zote mbili, na usubiri mpaka isishike kidole. Chagua skai yenye kitambaa kinachonyumbuka nyuma, ipashe hewa ya moto, anzia katikati na mabondeni, kisha uivute kuelekea kingo. Matundu usiyakate siku hiyo hiyo. Acha gundi ikauke hadi kesho yake.

Gari lenye mfuko wa hewa upande wa abiria usilivalishe hivi, kwa sababu skai inaweza kuzuia mfuko usifunguke inavyopaswa.

Kuhusu rangi, mzee alitaka krimu inayong'aa, ifanane na viti. Nilimkatalia kwa heshima, kwa kuwa dashibodi ya namna hiyo hujirudia kwenye kioo cha mbele na kuficha barabara, na nyeusi isiyong'aa aliikubali shingo upande. Skai hiyo imeshapita miezi ya Kumi miwili bila kunyanyuka.