Watoto wangu wanakulia ndani ya geti, watawajua watu kweli?

SWALI: Shikamoo mama. Mimi nimezaliwa na kukulia Magomeni Mapipa, nyumba ya Kiswahili vyumba sita na wapangaji wa kila namna, kuna Mpogoro, kuna Mpemba, kuna Mchaga wa Kibosho na familia ya watu wa Kigoma, uwani tunapikia pamoja, choo kimoja, Ramadhani tunafuturu wote na wale Wakristo wamo, ikija Krismasi sahani zinazunguka mpaka unashiba kabla hujala kwenu. Sasa mi na mume wangu tumejenga Madale, ukuta na geti, watoto wawili, miaka 10 na 7, basi la shule linawachukua alfajiri wanarudi giza linaingia, jirani hawamjui hata jina. Wiki iliyopita nimemkuta mkubwa anamuigiza dada wa kazi anavyoongea, dada ni Msukuma wa Maswa, mtoto anawachekesha wenzake kwenye simu na dada kainama tu anaosha vyombo. Niliumia sana. Mume wangu anasema nakuza mambo, eti uswahilini ndo tulikosikia matusi yote na majina ya makabila, watoto wako salama na watu watawajua wakikua. Nani yuko sahihi? Na nifanyeje, manake kurudi kupanga Mapipa siwezi, ingawa mama yangu bado anaishi kule.
Mama Wawili, Madale, Dar es Salaam

JIBU: Marahaba mwanangu. Nianze na huyo dada, manake yeye ndo yuko ndani ya nyumba yako leo, mtaa utasubiri kidogo.

Mumeo atakwambia sisi tumetaniana miaka yote, na ni kweli kabisa, Mzaramo na Mnyamwezi, Mpare na Mchaga, Mngoni na Mhehe. Lakini angalia hao wa mwisho, Wangoni na Wahehe walipigana vita kali kabla ya mkoloni ndo wakaja kuwa watani, yaani ni watu waliopimana nguvu wakaheshimiana. Mtani anakujibu. Mtani anaweza kuingia kaburini akalala humo mpaka mtoe hela ndo marehemu azikwe na wafiwa wakacheka huku machozi yanawatoka. Huyo binti wa Maswa atamjibu nani? Akimrudishia mtoto wa bosi neno anawaza nauli ya kurudi kwao. Kwa hiyo usikubali uitwe utani, ni kumdhalilisha mtu ambaye hana pa kusemea, na mwanao aombe radhi kwa mdomo wake mwenyewe, baba yake akiwepo. Na kuanzia hapo dada apewe shikamoo yake asubuhi kama mkubwa yeyote, na akae mezani mnapokula.

Naanzia hapo kwa sababu ndo jibu la swali lako lote. Watoto wako hawajakosa mtu tofauti, wanaye ndani, anawapikia na kuwaogesha. Wanachokosa ni kukutana naye wakiwa sawa.

Mimi nimekulia Ngamiani, Tanga, zile barabara za namba. Mkonge ulipoletwa mwaka 1893 na mashamba yakatanda mkoa mzima wakahitajika watu, wakaja manamba kutoka kila pembe, Wabena, Wanyamwezi, Wamakonde, Warundi, wakawakuta Wadigo, Wabondei na Wasegeju, na madukani Wahindi na Washihiri. Sisi watoto tulikuwa tunatumwa na mama yeyote. Si mama yako, mama YEYOTE, na ukikosea anakuchapa, ukifika nyumbani ukisema unaongezwa. Msiba ukitokea hakuna kuuliza marehemu ni dini gani kabla hujabeba jamvi. Kilichonilea ni kule kuhitajiana, kwamba mama akiugua usiku anayegongewa mlango ni yule mzee wa Kimakonde, na yeye akiishiwa mkaa anakuja kwetu bila aibu, wala hakuna aliyetukalisha chini kutufundisha kupenda makabila.

Ndo maana nasema watu kuchanganyika peke yake hakutoshi. Itazame Dar yenyewe enzi za mkoloni. Mzungu, Mhindi, Mwarabu na Mwafrika wote walikuwa mji mmoja, wanaonana kila siku, lakini Wazungu wana kwao, Wahindi wana kwao, Waafrika Kariakoo na Ilala, na Mnazi Mmoja ikaachwa uwanja mtupu katikati ili watu wasigusane. Mwafrika alivuka asubuhi kwenda kutumika, jioni akarudi. Walijuana? Walijuana kama mwanao anavyomjua dada. Kuna mwanasaikolojia wa Marekani, Gordon Allport, aliandika mwaka 1954 kwamba watu wa makundi tofauti wakikutana dharau hupungua hasa pale wanapokuwa na hadhi sawa, wana lengo moja, wanashirikiana kulifikia, na wakubwa wao wanaunga mkono. Ukiisoma hiyo unaiona nyumba yenu ya Mapipa kabisa, mpangaji na mpangaji, foleni moja ya choo, na mwenye nyumba anayewaka akisikia mtu anabaguliwa.

Hapo kwenye wakubwa kuunga mkono ningependa mumeo asome vizuri. Mchumi mmoja, Edward Miguel, alilinganisha shule za msingi za Busia upande wa Kenya na Meatu huku kwetu, na matokeo yakatoka 2004. Busia, pale makabila yalipochanganyika zaidi, wazazi walichangia shule kidogo. Meatu hali hiyo haikuonekana, mchanganyiko haukuharibu michango. Maelezo yake ni siasa ya kujenga taifa, Kiswahili kila mahali na masomo yaliyofundisha mtoto kwamba yeye ni Mtanzania. Kwa hiyo "watajua wakikua" si jibu, kuna watu wazima walikaa wakaamua tulelewe hivi tulivyo.

Mumeo ana haki kwenye jambo moja, uswahilini hakukuwa pepo. Wizi ulikuwepo, vijembe vilikuwepo, watoto walisikia na kuona mambo yasiyo ya umri wao. Usimbishie hapo, hana haja ya kubishiwa.

Sasa la kufanya. Bibi yao bado yuko Mapipa, bas likizo ya Juni na ya Desemba waende, na wasiende kama wageni wa kununuliwa soda na kupigwa picha, walale kwa bibi, wafagie uwanja, watumwe dukani, wacheze na watoto wa wapangaji mpaka wagombane na kupatana wenyewe bila wewe kupiga simu. Madale nako kuna watu. Ukisikia msiba nenda na mkubwa, miaka 10 anaweza kugawa maji ya kunywa. Ingieni kikundi cha kufa na kuzikana cha mtaani, na mkutano wa serikali ya mtaa mumeo aende mwenyewe, sio kutuma mchango kwa simu halafu basi. Jumamosi geti lifunguliwe mpira uchezwe hapo nje, utashangaa ukuta wa pili una Mnyakyusa na wa tatu una Mzanzibari na wote wana watoto wanaoangalia katuni peke yao. Peleka sahani ya futari au ya pilau kwa jirani, mtoto ndo aibebe, asubiri aulizwe jina lake na la baba yake, na sahani ikirudi na kitu ndani, mtaanza kujuana.

SWALI: Niko na miaka 24, nimelelewa Kaloleni, Nairobi. Mama ni Mluhya, baba Mkamba, nyumbani ni Kiswahili, nje Sheng. Nikienda ocha, yaani kijijini, kwa kina mama wananiita mtoto asiye na kwao kwa sababu siongei Kiluhya. Je, mtaa umeninyima kitu?
Kijana wa Kaloleni

JIBU: Umekosa lugha, ndiyo, na lugha ya nyanya yako ni mali, kama unaitaka kaa naye akufundishe angali hai, ukishindwa kuiongea vizuri elewa tu anavyokuombea. Lakini kwenu unako. Kwenye sensa ya Kenya ya 2009 watu zaidi ya 600,000 walipoulizwa kabila walijibu Mkenya, basi, ikaandikwa hivyo. Huku Tanzania sensa haijauliza kabila tangu ile ya 1967. Wewe unaweza kuingia kwa Mkamba, kwa Mluhya na kwa Mjaluo wa mlango wa pili bila kubisha hodi mara mbili, na hao wanaokucheka ocha wengi wao hawawezi. Usiwajibu kwa hasira, endelea kwenda.