Jibu: Mikaratusi au miti ya asili Kisarawe?

Mkuu, umeuliza kama upande mikaratusi au miti ya asili kwenye eneo lako la Kisarawe lililomalizwa na wachoma mkaa. Kama shida yako ni nguzo, sawa, panda mikaratusi. Ukitaka msitu urudi, achana nayo.

Kabla hujanunua mche hata mmoja, kagua visiki. Vingi huchipua vyenyewe. Bakiza machipukizi mawili matatu yenye nguvu, zuia moto na mbuzi. Penye mapengo ndipo uweke miti ya asili kama mkongo na mvule (mpingo pia, ila huo watavuna wajukuu). Mbegu ya mkongo ni nyeusi yenye kofia nyekundu: bandua kofia, kwangua ganda kidogo sakafuni, loweka usiku kucha. Miche ipelekwe shambani masika yakishakolea.