Konfitiri (jamu) ya maembe iliyoshika chini

Mdogo wangu, pole. Umesema konfitiri imeungua chini na juu bado ni maji, na kilo 3 za maembe ziko mle. Usikoroge tena, wala usikwangue chini! Mimina ya juu taratibu kwenye sufuria nyingine, halafu onja. Ikiwa haina ladha ya moshi, imepona. Ikiwa inayo, sukari haitaificha.

Kilichokuangusha ni mbabula, lile jiko la makala (makaa). Makala yakishika vizuri, moto wake ni mkali kuliko unavyodhani. Punguza makala, tandaza majivu juu yake, tumia sufuria nzito. Na maembe yaliyoiva sana hayagandi vizuri peke yake: kwa kila kilo ya nyama ya embe mimi natia gramu 700 za sukari na maji ya ndimu 2. Dondosha kidogo kwenye sahani baridi. Ikijikunja ukiisukuma kwa kidole, epua.

Chupa zichemshe dakika 10, ujaze konfitiri ikiwa moto. Chagua chupa ndogo, maana hapa Lubumbashi umeme ukikatika friji inabaki kabati tu. Ukiona ukungu, tupa chupa nzima.

Sufuria iloweke usiku kucha kwa maji na majivu.