Maswali ya wake za wachungaji (waume zao wasome pia)

Bwana asifiwe. Barua za mwezi huu ni nyingi, na nyingi kati ya hizo zinauliza mavazi. Za mavazi nimezifunga pamoja zikapata jibu moja. Waliotaka niwaombee ili mama mchungaji wao ahamishwe, barua zenu nimezichana.

Nimeolewa na mchungaji miezi mitano iliyopita. Jumapili yangu ya kwanza nilitangazwa kiongozi wa idara ya wanawake bila kuulizwa. Mimi ni mhasibu. Nikishika kipaza sauti mdomo unakauka. Nikikataa, nitakuwa nampinga Mungu?

Hapana. Utakuwa unampinga aliyetangaza bila kukuuliza, na huyo si Mungu hata kama ni mumeo.

Nitafutie kwenye Biblia cheo cha mke wa mchungaji. 1 Timotheo 3 inataja mwangalizi, inataja mashemasi, halafu aya ya 11 inawagusa wanawake ambao wafasiri hadi leo wanabishana kama ni wake za mashemasi au ni mashemasi wa kike. Kazi ya kuongoza kina mama kwa sababu tu umevaa pete haimo. Mke wa Petro alikuwepo, maana Yesu alimponya mama mkwe wa Petro, na Paulo katika 1 Wakorintho 9:5 anamtaja Kefa, yaani Petro huyohuyo, kati ya wanaosafiri na wake zao. Jina lake hatulijui. Kama aliwahi kusimama mbele ya watu, hatujui, na kanisa lilikua vilevile. Prisila kwa upande wake ametajwa mara sita pamoja na mumewe Akila, na mara nne jina lake ndilo linalotangulia. Yeye na mumewe walimchukua Apolo, msemaji hodari, wakamnyooshea mafundisho yake. Na walikuwa na kazi ya mikono, kushona mahema. Basi mmoja hatukusikia hata neno lake, mwingine alifundisha walimu. Chagua unayefanana naye.

Ila usikatalie madhabahuni. Mwambie mumeo nyumbani, mlango umefungwa, na umwambie pia unachokiweza. Manabii makanisani mwetu wapo wa kutosha. Anayejua kufunga hesabu za mwezi zikakubali ndiye adimu. Wafundishe wengine hesabu, lakini uhazini wenyewe usiupokee hata wakikubembeleza. Mume akihubiri sadaka na mke akaihesabu, siku pesa zikipungua mtaitwa wezi wote wawili, na hamtakuwa na shahidi.

Suruali, wigi, hereni, rangi ya kucha: vinaruhusiwa kwa mama mchungaji?

Angalieni taratibu za kanisa lenu, kisha jiangalieni kwenye kioo. Nimelijibu hili mpaka nimechoka.

Niongeze moja tu. Mwaka wangu wa pili kwenye huduma nilikuwa na magauni matatu ya ibada. Nikiwa mlangoni nasalimia watu, dada mmoja wa mapokezi alinishika ukosi, akaugeuza asome nembo, akasema kwa upole kabisa, "Mama, la bluu tena?" Miezi michache baadaye nikashona la nne. Dada yuleyule akauliza sadaka zinakwenda wapi.

Mimi ni mchungaji kijana. Namwomba Mungu mke mwenye upako, anayejua kinanda, anayeimba, anayefundisha watoto na kupokea wageni. Nifunge siku ngapi?

Ndugu, hao ni watu wanne. Tangaza nafasi za kazi uwalipe. Ukiwa tayari kutafuta mke, niandikie upya, na safari hiyo utaje na wewe utampa nini.

Mume wangu yuko kwenye mfungo wa siku 40, wa tatu mwaka huu, na analala kanisani. Nikilalamika ananiambia nina roho ya Mikali.

Siku 40 mara tatu ni 120. Theluthi ya mwaka huna mume, halafu unaitwa Mikali, yule mke wa Daudi aliyemdharau mumewe alipocheza mbele za Bwana.

1 Wakorintho 7:5 haikatazi mfungo. Inaweka masharti: mpatane, iwe kwa muda, kisha mrudiane. Sharti la kwanza ni kupatana, na wewe hukuulizwa. Halafu mpeleke Kutoka 18. Wachungaji wanalipenda shauri la Yethro, baba mkwe wa Musa, la kugawana kazi, wanawafundishia wazee wa kanisa kila mwaka, ila wanaanzia katikati. Sura inaanza na Yethro akiwa njiani anamrudishia Musa mkewe Sipora na wanawe wawili, waliokuwa wamerudishwa kwa mzee. Kesho yake ndipo mzee anaona foleni ya watu kuanzia asubuhi hadi jioni na kumwambia mkwewe atadhoofika. Mke kwanza, foleni baadaye. Sijawahi kusikia hizo aya za mwanzo zikihubiriwa kwenye semina ya wachungaji, na semina nimekaa nyingi.

Tena, kama anafunga bila maji, mzuie leo. Mwili haukai siku nyingi bila maji. Mwenye kisukari au anayemeza dawa kila siku asianze mfungo mrefu kabla ya kumwona daktari, awe na upako kiasi gani.

Washirika wananieleza siri zao. Mume wangu anataka nimwambie zote, kwa kuwa sisi ni mwili mmoja.

Mwili mmoja ni wewe na yeye. Dada aliyekulilia hayumo. Kabla hajaanza kusimulia, muulize: mchungaji ajue au asijue? Akisema asijue, funga mdomo. Mumeo asipoyajua hayatamponyoka Jumapili kwa ile "kuna mama mmoja yuko hapa ndani", mnajua ninachosema.

Siri moja haifungwi: mtoto anayepigwa au kuharibiwa. Hiyo haikaliwi kikao cha wazee wala haisuluhishwi na ukoo. Inapelekwa kwenye vyombo vya sheria siku hiyohiyo, hata kama mtuhumiwa ndiye anayeongoza sifa.

Ananipiga. Wazee wanasema nivumilie, nisiichafue huduma.

Dada yangu, toka hapo kwanza, wewe na watoto. Nenda hospitali majeraha yaandikwe, kisha polisi. Mtu mmoja asiye wa kanisa lenu ajue ulipo. Maombi utayafanyia hukohuko.

1 Timotheo 3 na Tito 1 zinamkataa mtu wa kupiga kwenye uangalizi. Huduma ilichafuka siku aliyonyanyua mkono, wewe unatoa taarifa tu. Na ninyi wazee mnaomrudisha kwa mumewe na kifungu cha utii mkononi, siku akivunjwa mtasimama wapi?

Mume wangu ameuza kiwanja tulichonunua pamoja, pesa zote zimeingia kwenye ujenzi wa kanisa. Tunaishi nyumba ya kanisa. Anasema Mungu atatujengea. Nimwambie nini?

Msomee 2 Wafalme 4. Tunapenda kuhubiri mafuta yaliyojaza vyombo, aya ya kwanza tunaipita mbio. Yule mjane alikuwa mke wa mmoja wa wana wa manabii, yaani mama mchungaji mwenzetu. Mumewe alimcha Bwana, mama anashuhudia hivyo na Elisha habishi. Alikufa na deni, na mdai akaja kuwachukua watoto wawili wawe watumwa. Hakuna panaposemwa marehemu alikuwa mlevi au mcheza kamari. Elisha naye hakuanza kwa kumwekea mikono. Alimuuliza ana nini nyumbani.

Swali hilo nawarudishia wote mnaonisoma: nyumbani una nini chenye jina lako? Nyumba ya kanisa ni ya kanisa, gari la huduma ni la huduma. Mume akifa, mchungaji mpya atahitaji pa kulala, na wazee watakuja na maneno laini na tarehe. Nimewahi kumsaidia mjane wa namna hiyo kufungasha. Viti, meza, mpaka kabati la nguo, vilikuwa na namba za kanisa zilizopigwa chini kwa rangi nyeupe. Alikuwa akipindua kila kiti kwanza, anainama, anaangalia, ndipo aseme kibebwe au kiachwe. Kuna stuli moja aliipindua mara mbili.

Kwa hiyo, kwanza mwone mwanasheria kuhusu hicho kiwanja. Mali mliyonunua pamoja kuuzwa bila wewe si jambo la kumalizwa kwa "Mungu atatupa". Kama zile pesa zilikuwa mkopo kwa kanisa, ziandikwe kwenye muhtasari wa baraza. Kama zilikuwa sadaka, nusu yake ilikuwa yako kuitoa au kutoitoa. Kisha baraza likae liseme kwa maandishi kanisa linamwekea mchungaji akiba gani ya uzeeni kila mwezi, na mke akifiwa atakaa kwenye nyumba hiyo miezi mingapi. Uliza sasa, mumeo akiwa mzima na anapendwa. Ukiuliza ukiwa umevaa nguo za msiba utajibiwa na kamati.

Utaambiwa huna imani. Marko 7 ipo: Yesu aliwakemea waliotamka Korbani, kwamba mali ni wakfu kwa Mungu, wakapata sababu ya kutowatunza wazazi wao. Mtu anaweza kujificha nyuma ya madhabahu asione jiko lake mwenyewe. Nami nilijificha huko miaka kadhaa, kwa hiyo simwambii mwenzangu la kusikia.

Mume wangu ndiye mwanzilishi wa kanisa letu na sasa ni mgonjwa sana. Mwanamke anaweza kulishika kanisa?

Inategemea mko chini ya nani. Assemblies of God ya Marekani iliundwa 1914, na mwaka 1935 ikawafungulia wanawake kuwekwa wakfu kamili kama wachungaji. Yapo makanisa mengine ya Kipentekoste yanayokataa mpaka leo.

Kwenye historia yetu Wapentekoste si jambo geni. Jennie Evans Moore alikuwa kati ya waliojazwa Roho kule Los Angeles Aprili 1906, kabla mikutano ya uamsho haijahamia jengo la Azusa Street. Aliolewa 1908 na William Seymour, mchungaji aliyeongoza mikutano hiyo. Mumewe alipofariki 1922, yeye ndiye aliyebaki na kundi, lililokuwa limepungua sana. Jengo likabomolewa 1931, naye akafariki 1936. Wanaomtaja Jennie kutetea wahubiri wanawake huishia kwenye 1922. Mimi nakuomba ufike 1931. Mahali ambapo moto uliosambaa duniani uliwashwa, ukuta haukusimama.

Sasa chukua katiba ya kanisa lenu. Inasemaje kuhusu mrithi wa mchungaji? Hati ya kiwanja ina jina la nani? Benki nani anatia sahihi? Kama mumeo bado anaweza kuzungumza, waiteni wazee kando ya kitanda chake, mwandishi akiwepo, aseme mbele yao. Kisha wewe mwenyewe ujipime kama una mwito au unaogopa tu kufukuzwa kwenye nyumba. Ukiona ni nyumba, piganieni nyumba, mimbari muiachie mwenye mwito.

Mwanangu wa miaka 12 anasinzia kwenye mikesha na washirika wanasema nimeshindwa kulea nyumba ya mtumishi.

Mkesha ni usiku na mtoto ana usingizi. Mpeleke nyumbani, mzime taa, na wewe ulale. Wakiuliza mlikuwa wapi, waambieni mlikuwa mmelala.