Shangazi, begi la mtu kwenye treni linanitoa jasho

SWALI: Shikamoo shangazi. Mi nafanya biashara ya vitenge hapa Mwanga, Kigoma, treni ya Tabora napanda sana na zile Hiace za Kasulu pia. Tatizo langu ni woga, yaani tangu zile video za milipuko zianze kuzunguka kwenye magrupu ya WhatsApp siwezi kukaa kwenye gari nikatulia. Juzi kati tumefika Nguruka, kijana mmoja amevaa kanzu ana ndevu akashuka akaacha begi chini ya siti, basi moyo ukaanza kunienda mbio, mikono imelowa, nikajifanya naenda chooni nikahamia behewa lingine. Kuja kuchungulia namuona karudi na fungu la samaki, katulia anakula muhogo. Nikaona aibu shangazi, maana mi mwenyewe nimekulia Ujiji, majirani zetu karibu wote ni watu wa kanzu. Mume wangu ananicheka tu. Halafu mdogo wangu kapata chuo London, na huko ndo walilipua treni za chini ya ardhi, namwambia asizipande anasema bila hizo hafiki darasani. Je mi ni mgonjwa? Na huyu mdogo wangu nimwambieje?
Binti wa Vitenge, Mwanga

JIBU: Marahaba mwanangu. Kwanza mumeo aache kucheka, mtu akilowa mikono hajifanyishi. Na wala hujaota, mambo haya yapo na hata sisi yametufika, tarehe 7 Agosti 1998 ubalozi wa Marekani pale Dar ulilipuliwa wakafa watu 11, na siku hiyohiyo Nairobi wakafa zaidi ya 200. London nako ni kweli, 7 Julai 2005 asubuhi watu wanaenda makazini, treni 3 za chini ya ardhi na basi 1, waliuawa watu 52 ukiacha wale wanne waliojilipua. Ila kichwa cha binadamu kinapima hatari kwa picha, sasa wewe hiyo video umetumiwa na magrupu yote uliyomo na kila ukiifungua kichwa kinaandika tukio jipya, kumbe ni lilelile moja, la nchi ya watu, pengine la miaka kumi nyuma huko, ila limekukuta asubuhi unakunywa chai.

Ugonjwa? Mi sioni ugonjwa hapo, bado. Siku chache baada ya ile milipuko ya 2005 watafiti waliwahoji wakazi wa London, 31% wakaonekana wana msongo mkubwa na 32% wakasema watapunguza kupanda usafiri wa umma. Ilipopita kama miezi 7 wenye msongo mkubwa walikuwa 11%. Kwa wengi woga huu unapungua wenyewe, na unapungua kwa yule anayeendelea kupanda, yule anayehama behewa anaulisha tu. Marekani baada ya magaidi kuteka ndege Septemba 2001 watu wengi waliogopa ndege wakahamia magari yao, na mtafiti wa Kijerumani Gerd Gigerenzer alikadiria kwamba ndani ya mwaka mmoja walikufa barabarani watu kama 1,500 ambao wasingekufa, yaani wamekimbia gaidi wameenda kukutana na lori. Na sisi tunajijua, ajali ya treni ya Igandu, Dodoma, Juni 2002 iliua watu 281 na hakukuwa na bomu wala gaidi, treni ilirudi nyuma yenyewe kwenye mlima ikaivaa ya mizigo. Kwa hiyo ukitaka kuogopa kitu chenye faida, ogopa dereva wa Hiace anayechati huku anaendesha, huyo unaweza hata kumsemesha.

Waulize wazee wa mkoa wako, kuna miaka majambazi wenye bunduki walikuwa wanateka mabasi njia ya Kibondo na Kakonko mpaka yakawa yanasindikizwa na polisi wenye silaha, na watu walipanda hivohivo, maana mgonjwa Kibondo lazima akaonwe na harusi ya Kasulu haingoji mtu.

Sasa tuje kwenye kanzu, na hapa nakukazia kidogo. Tarehe 22 Julai 2005, wiki mbili tu baada ya ile milipuko, polisi wa London walimpiga risasi ndani ya treni kituo cha Stockwell fundi umeme mmoja Mbrazili, Jean Charles de Menezes, miaka 27, wakidhani ni mmoja wa waliojaribu kulipua treni siku moja kabla. Hakuwa na kitu, alikuwa anaenda kazini. Hao ni polisi waliofundishwa, wamekosea sura ya mtu, sembuse mimi na wewe na macho yetu ya dirishani. Na kuna la pili, hapo jirani Kenya, Novemba 2014 basi linatoka Mandera kwenda Nairobi lilitekwa na Al-Shabaab, magaidi wa Somalia, abiria 28 wakatengwa wakauawa kwa kuonekana si Waislamu. Desemba 2015 wakateka basi lingine linaenda Mandera, safari hii abiria Waislamu wakakataa kutengwa na wenzao, kina mama wakawapa Wakristo mitandio wajifunike, na mwalimu Salah Farah aliyepigwa risasi siku hiyo alifariki Januari 2016. Mwislamu huyo. Kwa hiyo siku ikitokea kweli, Mungu apishie mbali, huyo wa kanzu unayemkimbia huenda ndo atakayekukinga.

Begi lichunguze kama begi, achana na ndevu za mwenyewe. Polisi wa reli wa Uingereza wanafundisha maswali matatu: limefichwa makusudi? lina kitu cha ajabu kinachoonekana, mfano nyaya? na je ni kitu cha kawaida kwa mahali hapo? Hilo la tatu kwa treni ya Kigoma hata sijui nicheke, Nguruka nusu ya behewa linashuka kununua samaki na kila mtu kaacha mzigo. Uliza kwa sauti, "jamani begi hili la nani?" Mara nyingi utajibiwa hapohapo. Usipojibiwa na lina dalili hizo, usiliguse wala kulifungua, sogea, mwite mhudumu wa behewa, na namba ya dharura ni 112. Moyo ukianza mbio vuta pumzi kawaida ila itoe taratibu sana, rudia mpaka utulie, na ubaki kwenye siti yako. Video futa. Ukiona unaanza kukosa usingizi au unaacha safari za biashara, hapo nenda hospitali ya mkoa pale Maweni ukaombe kuonana na mtu wa afya ya akili, na si lazima umuage mumeo.

Mdogo wako mwache apande. Akiona kitu kwenye treni za huko aliandikie jeshi la polisi wa reli meseji namba 61016, aisevu kabisa. Na wewe usimtumie video.

SWALI: Shangazi mi ni konda wa basi Tabora. Abiria wananionyesha voisi ati kuna bomu limepangwa stendi, wengine wanashuka. Nifanyeje?
Konda, Tabora

JIBU: Mdogo wangu, voisi isiyo na jina la msemaji wala tarehe ipeleke kituo cha polisi, usiirushe kwenye grupu la makonda. Anayesambaza habari za uongo huku akijua ni za uongo anagongana na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Mi kinachonitisha kwenye mabasi yenu ni ile mizigo ya kutumwa, mtu anakupa boksi na elfu tano anaondoka zake, wewe unatupia kwenye buti bila kujua kuna nini. Mwambie mwenyewe afungue uone, andika jina na namba ya aliyeleta na atakayepokea, akigoma kufungua boksi libaki stendi na elfu tano yake mrudishie.